Mbwa wa Kabila Gani

Mwanamume ninayempenda alikanyaga nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza siku ya Jumatano, baada ya swala ya alasiri, na alikuja kama mtu wa mbwa. Hakuja kama mchumba wala kama mgeni. Baba alikuwa ameniagiza nimtafutie mtu anayejua mbwa, nami nikamtafutia. Sikumwambia kwamba mtu huyo namjua mpaka kovu dogo lililo nyuma ya sikio lake la kushoto.

Acha nieleze kabla hujaniita mwongo. Sisi ni Wanubi wa Makina, hapa Kibera, na nyumba yetu ina ua mpana kuliko nyumba nyingi za jirani. Ramadhani iliyopita tulipokuwa msikitini kwa tarawehe, wezi waliruka ukuta. Walichukua televisheni, na Baba akasema televisheni ni kelele tu. Lakini walichukua pia sanduku la bati la Haboba. Haboba ndiye nyanya yangu, Bi Bakhita, mama yake Baba, na ndani ya sanduku lile mlikuwa na gurbaba zake, zile nguo za kujifunga ambazo wanawake wetu huvaa harusini. Nyingine alikuwa ameniwekea mimi tangu nikiwa mtoto. Hakulia. Aliacha tu kukaa nje jua likizama, naye alikuwa amekaa nje jua likizama maisha yake yote.

Hilo ndilo lililomfanya Baba, Mzee Mahdi ambaye hajawahi kumgusa mbwa, aende kumwuliza imamu. Akaambiwa mbwa wa ulinzi hana neno bora alale nje, na mate yake yakigusa kitu, kioshwe mara saba, mara moja kwa udongo. Akarudi na kuniambia, "Afrah, wewe uko soko la Toi kila siku, unajua watu. Nitafutie mtu wa mbwa. Lakini awe mkweli."

Mtu wa mbwa nilikuwa naye kwenye simu. Nilikuwa nimemwandika "Mama Blanketi wa Pili" ili hata mtu akichungulia asishtuke.

Mimi nauza mablanketi ya mitumba soko la Toi. Mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya Jumatano hiyo, alisimama mbele ya kibanda changu kijana mrefu, mpole wa macho, akaniomba mablanketi ya watoto, yale yaliyochakaa kabisa. Nikamwuliza watoto ni wangapi.

"Kumi na mmoja," akasema.

Nilimtazama vizuri. Hakuonekana kupita miaka thelathini. Nikauliza mama yao yuko aje.

"Amechoka," akanijibu bila kucheka. "Lakini bado analamba kila mmoja."

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya bunda la mashuka, na yeye akasimama pale akinitazama nicheke. Jina lake Timothy Musyoka. Anaishi Kawangware, ambako amekodi kiwanja kidogo cha kufugia, na asubuhi hutembea kwa miguu mpaka Lavington kufunza mbwa wa matajiri adabu. Wiki iliyofuata alirudi kununua blanketi moja. Wiki iliyofuata tena, moja. Siku moja nikamwambia mbwa wake sasa wana mablanketi kuliko watu wa Makina, na akasema hajawapelekea hata moja tangu lile bunda la kwanza, yote yako kitandani kwake na usiku anatoka jasho. Hapo ndipo nilipopotea.

Sasa shida. Shida ilikuwa inaitwa Nabil. Nabil ni Mnubi mwenzetu, baba yake alicheza mpira na Baba yangu wakiwa wavulana, ana kazi nzuri na ana adabu, na watu wake walitaka kuja Jumamosi kuniposa. Baba hakunilazimisha. Alinipa mpaka Ijumaa nimpe jibu. Nabil hana kasoro, na hiyo ndiyo iliyonikera, maana sikuwa na la kumshtaki nalo. Nikikataa, Baba angeuliza kwa nini, na sababu yangu ilikuwa mtu mmoja tu, Mkamba wa Kawangware anayeshinda na mbwa.

Dada yangu Malika alipotafutwa na wachumba, nilikaa nyuma ya pazia nikasikia maswali ya Baba. Ni matatu siku zote na hayabadiliki mpangilio: kabila gani, dini gani, kazi gani. Kwa hiyo miezi mingi, saa ya chakula cha mchana, nilimfunza Musyoka kwa simu. Namwuliza ghafla, tukizungumza habari ya mvua, "Kabila gani?" na yeye anatakiwa kujibu palepale bila kujikunja. La kwanza alilijua mpaka likawa linamtoka kama jina lake. La pili nilimwambia aseme tayari ameamua kusilimu, na kila tukifika hapo alinyamaza.

"Sema tu," nilikuwa nikimwambia.

"Ntasema vile iko," alikuwa akinijibu.

Lakini Jumatano hiyo hakutakiwa kujibu lolote. Tulikubaliana hivyo. Angekuja, angeuza mbwa, angejulikana kama mtu mzuri, basi. Nilimpa na mbinu: Baba anapenda kitu kikubwa chenye kuheshimika, naye Musyoka ana watoto wanane wa rotwaila, wale mbwa weusi wenye vifua vipana. Amsifie rotwaila. Baba angefurahi, na Ijumaa ningejua pa kuanzia.

Alikuja na shati la kunyooshwa, kucha fupi, viganja vyeupe kama mtu aliyetoka kufua. Nilimfungulia lango na hatukutazamana, au tulitazamana kwa muda ambao watu wasiojuana hutazamana, na hata huo nikauona mrefu. Alimsalimia Baba, akamsalimia Haboba aliyekuwa barazani akisuka tabaga, ule mfuniko wa rangi tunaofunikia chakula. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Alichuchumaa katikati ya ua, akawa anageuka polepole, akitazama lango, ukuta, kamba ya nguo, mlango wa jikoni, vyote kutoka kimo cha mbwa.

Baba alinigeukia. "Huyu anafanya nini?"

"Anaangalia, Baba."

Musyoka aliinuka, akapangusa magoti, akauliza watu wangapi hupita nje ya lango kwa siku, nani hutoka alfajiri, watoto wa jirani huingia kuchota maji au hawaingii, na Haboba hupenda kukaa wapi. Swali hilo la mwisho lilimfanya Haboba ainue macho. Nikaleta chai. Baba akamkalisha kwenye kiti cha plastiki, na yeye mwenyewe akakaa kwenye kile cha mbao, kama hakimu.

"Kule Olympic kuna bwana ana rotwaila," Baba akaanza. "Hata mimi nikipita upande ule wa barabara naharakisha. Nataka kama yule."

Nilishusha pumzi. Kazi imekwisha, nikajiambia.

"Rotwaila ni mbwa mzuri, mzee," Musyoka akasema. "Ana nguvu, ana moyo, na akikupenda anakupenda kabisa. Lakini hapa mi siwezi kukushauri umchukue."

Chai ilinipalia. Baba akamwuliza kwa nini, na Musyoka akamweleza kwa utaratibu wake ule wa kunikasirisha, kwamba rotwaila hula kama mwanamume wa kazi ya mjengo, nyama kila siku, akilishwa ugali mtupu huisha nguvu. Kwamba anataka mkono mmoja thabiti na kazi ya kumchosha, na hapa kila mtu yuko mbioni. Na kwamba ua huu una watoto wanaoingia kuchota maji, na rotwaila hajui tofauti kati ya mwizi na mtoto aliyefuata mpira.

"Yule wa Olympic hajauma mtu," Baba akasema.

"Hajauma. Lakini wewe mwenyewe unaharakisha, mzee. Hata wageni wako wataharakisha. Nyumba hii iko na wageni wengi, naona viti."

Baba alikunywa chai. Hakupenda jibu, lakini alipenda kwamba mtu ameona viti.

Akauliza kuhusu jamani shepadi, yule wa polisi. Musyoka alimsifu huyu kwa moyo wote, mpaka sauti ikabadilika, akasema hakuna mbwa mwenye akili kama yeye, unamwonyesha kitu mara tatu na amekishika. Halafu akaanza kumtoa kasoro. Akikosa kazi anajitafutia, na kazi anayojitafutia ni kufukua maua na kutafuna viatu. Nywele zake zinamwagika mwaka mzima, zingeingia mpaka kwenye zulia la kuswalia. Nyonga humwuma uzeeni, na mtu humpenda halafu anamwona akishindwa kusimama.

"Na wale weupe, wadogo? Wenye manyoya?"

"Spitzi wa Kijapani. Huyo anapendeza macho, mzee. Mtoto wa jirani akimwona atalia amtake. Lakini anabwekea kila kitu. Mtu, paka, mfuko wa plastiki. Makina hii atabweka kuanzia asubuhi mpaka asubuhi, na mwizi akija hutajua, kwa sababu utakuwa ushazoea."

Haboba alicheka kidogo ndani ya koo. Nami, pamoja na hasira zangu, nikamwona Nabil na suti yake nyeupe ya Idi na nikalazimika kutazama chini. Nabil hakustahili hilo, najua. Mapenzi hayana adabu.

Lakini hasira zilibaki. Nilikuwa nimempa njia iliyofagiliwa na yeye anatembea kando yake. Mtu ana watoto wanane wa rotwaila nyumbani, mnunuzi mwenyewe anawataka, naye anamwambia hawafai. Nilianza kujiuliza kama ataniuza vilevile siku yangu ikifika, kwa kumweleza Baba kasoro zangu moja moja.

"Sasa wewe umenikatia wote," Baba akasema. "Umekuja kuuza au umekuja kunizuia?"

"Nimekuja na mmoja, mzee. Ako kwa picha."

Akatoa simu na kumpa Baba. Baba hana miwani ya karibu, huwa anashika simu mbali kama anaisalimia. Picha ilikuwa ya mbwa wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na jingine limelala, na kando yake Musyoka amepiga goti na mkono wake uko begani mwa mbwa. Naijua picha hiyo. Nilimwambia aifute kwa sababu shati lake lilikuwa limechanika.

Baba aliitazama muda mrefu. Kisha akainua uso, akamtazama Musyoka machoni, akauliza kwa sauti ileile niliyoisikia nyuma ya pazia miaka ile ya Malika.

"Na huyu, kabila gani?"

Nilijua papo hapo. Nilijua kabla hajafungua mdomo, na hakuna nilichoweza kufanya, maana ni mimi niliyemfunza.

"Mkamba, mzee," Musyoka akasema, mgongo umenyooka. "Kwetu ni Mwala. Najua nyinyi ni Wanubi na najua si jambo dogo. Sijakuja kumtoa Afrah kwenu. Nampenda, na nikiambiwa ningoje nitangoja."

Vidole vya Haboba vilisimama juu ya tabaga. Baba aliendelea kumtazama, halafu akaitazama simu, halafu akamtazama tena.

"Nilikuwa nauliza mbwa," akasema.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukipauka kama siku hiyo. Musyoka alinigeukia, na macho yake yalikuwa yanaomba msamaha, na mimi nilitaka kucheka na nilitaka kufa na zaidi ya yote nilitaka kwenda kusimama karibu naye. Kwa hiyo nikaenda. Niliweka sinia chini na kusimama kando ya kile kiti cha plastiki. Hatua zenyewe zilikuwa kama tano hivi, lakini Baba alizihesabu zote kwa macho.

"Ni kweli?" akaniuliza.

"Ni kweli, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na Nabil?"

"Nabil hana kosa. Lakini simtaki, Baba. Ningekuambia Ijumaa. Nilikuwa natafuta maneno."

Baba hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kufanya. Aliweka simu juu ya meza, kifudifudi, akaanza kusema na mimi kana kwamba Musyoka hayupo. Alisema sisi ni wachache. Alisema alipokuwa mtoto, mtu angetembea kutoka kwetu mpaka msikitini na kusalimiwa kwa Kinubi kwenye kila mlango, na leo anaongea Kinubi na mama yake, na mama yake ana miaka themanini na mitatu. Msichana mmoja akiolewa nje, watoto wake huongea lugha ya kwao na Kiswahili, na wajukuu hawajui hata kusema maji. Alisema hamchukii mtu yeyote.

"Mimi sichukii, Afrah. Mimi nahesabu tu tuliobaki."

Maneno hayo ni ya kweli. Nimeyafikiria mwenyewe kibandani, siku wateja wamekuwa wachache. Lakini nilikuwa na neno lingine la kuweka kando yake.

"Mimi sitoki, Baba," nikasema. "Huyu nimemleta aingie."

"Kuingia ni dini kwanza." Sasa akamgeukia Musyoka. "Dini gani?"

Hili ndilo la pili. Nilimtazama Musyoka na kumwomba kwa macho, sema, mpenzi, sema tu kwamba umeamua.

"Nilibatizwa Katoliki," akasema taratibu. "Mwaka jana nilienda msikiti wa Kawangware kumwuliza ustadhi mambo ya mbwa, vile nitakuwa najisafisha kama nataka kukutana na mtu anaswali. Nikaenda kuuliza hiyo, nikabaki nauliza zingine. Naenda Alhamisi na Jumapili. Lakini bado sijasilimu, mzee. Afrah anataka nikwambie nimeamua. Ningekuwa nimeamua ningekwambia. Sitaki kusilimu juu ya msichana, hata kama ni huyu. Siku nitasema, nataka iwe namwambia Mungu."

Machozi yalinijaa, na si ya furaha. Niliona kila kitu kikimwagika pale uani, mwaka mzima na miezi yake miwili. Baba alizungusha kikombe mezani. Alipozungumza, aliuliza jambo ambalo sikulifikiria.

"Rotwaila unao nyumbani?"

"Ninao, mzee."

"Wangapi wa kuuza?"

"Wanane."

"Mimi nina hamu yangu, nataka rotwaila. Wewe unao wanane. Umeniambia nisinunue."

"Hapa hawafai, mzee."

Baba alikohoa. Akachukua simu tena na kuigeuza. "Basi niambie huyu. Kwa ukweli huohuo."

Musyoka alipangusa paji la uso. Alipofika kwenye mbwa sauti ilitulia, kama kawaida yake. Alisema huyu ni mbwa wa kienyeji, jike, ana miaka miwili. Kasoro zake akaanza nazo. Hana umbo la kujivunia, na hakuna mgeni atakayesema una mbwa wa maana. Alipigwa akiwa mdogo na mtu aliyemwacha, kwa hiyo mtu akiinua fimbo anajificha, na itachukua muda. Siku za kwanza atatafuta njia ya kutoka, atarudi Kawangware kama lango halijafungwa. Halafu uzuri wake. Anakula kinachobaki. Hashikwi na ugonjwa ovyo. Anatulia, habwekei mfuko wa plastiki, na akibweka ujue kuna jambo. Watoto anawaacha. Na akishajua mtu ni wa nyumba, hata ukae miaka miwili safarini, ukirudi anakufungulia moyo.

"Kwa hivyo hana kabila," Baba akasema.

"Mama yake namjua, mzee. Nilikuwa nimemshika akimzaa."

"Nimeuliza kabila."

"Hana. Ana tabia."

Haboba aliweka tabaga chini. Alikuwa hajasema neno hata moja, na nilipomwona akijiinua nilidhani anaingia ndani kwa hasira. Lakini alikwenda mpaka kwa Musyoka, akamshika mkono wa kulia, akaugeuza kiganja juu na kukitazama kwa karibu. Ngozi ilikuwa imekauka, imepasuka kati ya vidole.

"Mkono huu una nini?" akauliza. "Wewe unachanganya saruji?"

"Hapana, nyanya. Ni kujiosha."

"Kujiosha gani?"

Musyoka aliona haya. Nami sikujua anachotaka kusema, naapa sikujua. Akaeleza kwamba ustadhi alimwambia mara saba, mara moja kwa udongo. Kwa hiyo kila akitaka kuja Toi kuniona, anajiosha mara saba. Ana ndoo yake ya udongo mwekundu pembeni mwa bafu, na majirani wa ploti wanamcheka.

"Mikono?" Haboba akauliza.

"Mwili wote, nyanya. Na nguo."

"Mwili wote mara saba."

"Ndiyo. Tangu mwaka jana."

"Hata kama mbwa hajakulamba?"

Musyoka alinitazama, halafu akamtazama Haboba. "Kwani ni mpaka alambe?"

Haboba alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika bega la Musyoka asianguke, akasema kwa Kinubi maneno ambayo Baba tu aliyapata yote, kitu kuhusu mtoto huyu na maji ya Kawangware yaliyo haba na kichwa kilicho kigumu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu siku zote alizokuja Toi. Nilikuwa namwona amesimama kwenye bafu la mabati saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Julai, anajimwagia maji mara ya tano, mara ya sita, ili akija kusimama mbele ya mablanketi yangu nisije nikachafuka na swala yangu ikaharibika. Na hakuwahi kuniambia. Kumpenda nilikuwa nikimpenda tayari, lakini hapo nilijua sitaweza kukaa na mwingine, na nikataka Baba ajue hivyo pia.

Baba hakucheka. Alikuwa anatazama ule mkono ulio ndani ya mkono wa mama yake.

"Mbwa aliyeshakua kama huyu," akasema baadaye, "akihamishwa, anachukua muda gani kujua nyumba ni kwake?"

"Siku tatu anaogopa," Musyoka akajibu. "Wiki tatu anajua utaratibu. Miezi mitatu ndio anajua ni kwake."

"Mlete Jumamosi."

"Jumamosi, Baba?" nikauliza. Jumamosi ilikuwa siku ya watu wa Nabil.

"Jumamosi nina nafasi," akasema, bila kunitazama. "Nitampigia baba yake Nabil kesho asubuhi. Tumejuana miaka hamsini, atanitukana kidogo kisha tutakunywa kahawa." Akamnyooshea Musyoka kidole. "Wewe utakuwa unakuja kumzoesha. Kila wiki. Miezi mitatu. Sijasema kitu kingine, umenisikia? Nimesema mbwa."

"Nimekusikia, mzee."

"Na ukija, uongee na mama yangu. Yeye hajui Kiswahili vizuri."

Huo ulikuwa uongo mtupu. Haboba anajua Kiswahili kuliko mwalimu. Alimtazama mwanawe, akafunga mdomo na kurudi kwenye tabaga yake.

Niliingia jikoni. Gurusa zilikuwa tayari, zile chapati zetu nyembamba, na mchuzi ulikuwa motoni. Nikapakua, nikachukua birika la maji na beseni la kunawia, nikatoka. Kwetu mdogo ndiye anayewanawisha wakubwa. Nilimwendea Baba kwanza. Baba alinawa, kisha akanyoosha mkono na kunipokonya birika.

Musyoka alisimama haraka ili alichukue yeye. Baba akamwambia akae.

Akakaa. Akakinga ile mikono yake iliyopasuka juu ya beseni, na baba yangu, ambaye sijawahi kumwona akimnawisha mtu isipokuwa mama yake, akainama na kumimina maji. Musyoka alisugua vidole, akasuuza, halafu akabaki amekinga mikono palepale, akingojea, midomo ikisogea. Alikuwa anahesabu.

Baba aliinua birika.

"Moja inatosha," akasema. "Hapa ni nyumbani. Kula."